Mita inasema omu 39, balbu inasema wati 100: nani anadanganya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana ninayejifunza ufundi umeme kwa fundi mmoja hapa Dodoma, huu mwezi wa nne. Nimenunua multimita, na kanuni mbili nimezishika: volti ni ampea mara omu, na wati ni volti mara ampea. Basi nikapima vitu vitatu vikiwa vimechomolewa kwenye umeme, kisha nikapiga hesabu kwa volti 230. Birika la umeme lilisoma omu 26.6, hesabu ikatoa wati 1,989. Kibandiko chake kinasema 220–240 V, 1850–2200 W, nikafurahi. Balbu ya zamani ya uzi, ya wati 100, ikasoma omu 39. Hesabu ikatoa wati 1,356! Kompresa ya friji dogo ikasoma omu 22 kati ya pini ya pamoja na pini ya koili ya kuendeshea. Hesabu ikatoa wati 2,405, na kibandiko kinasema 230 V, 0.8 A, 110 W. Fundi wangu alicheka tu, akasema hizo ni hesabu za kitabuni. Je, kanuni ina kasoro au mita yangu ni mbovu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mita yako nzima na kanuni nzima. Kosa lako ni moja, na hata mafundi wa miaka ishirini hulifanya: umechukua omu za kifaa kilicholala, ukazipigia hesabu pamoja na volti za kifaa kilicho kazini. Kwenye birika ukasalimika kwa sababu birika halibadiliki sana likiamka. Balbu na friji zinabadilika.

Tuanze na hilo birika. Kanuni zako mbili zikiunganishwa zinazaa mbili nyingine. Ampea ni volti gawanya kwa omu, kwa hiyo wati ni volti kipeo cha pili gawanya kwa omu. Ukiondoa volti badala ya ampea, wati zinakuwa ampea kipeo cha pili mara omu. Kwa herufi, P ikiwa wati, V volti, I ampea na R omu: P = V × I, P = V² ÷ R, P = I² × R. Zote tatu ni kitu kimoja. Chagua ile ambayo namba zake unazo mkononi.

Sasa soma tena kibandiko cha birika. Watu wengi hudhani “1850–2200 W” maana yake birika lina spidi mbili, au kwamba kiwanda hakina uhakika na mali yake. Chukua volti 240 kipeo cha pili, ni 57,600, gawanya kwa 2,200: omu 26.2. Chukua volti 220 kipeo cha pili, ni 48,400, gawanya kwa 1,850: omu 26.2 tena. Kumbe kibandiko kizima kinatangaza koili moja ya omu 26.2, na wati zinategemea umeme utakaoipa. Ukilipeleka Kenya, ambako umeme wa majumbani ni volti 240, litatoa 2,200. Kwetu Tanzania kwenye 230 litatoa kama 2,019.

Wewe ulipata 26.6. Gusanisha ncha mbili za mita yako zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi. Nabashiri utaona 0.3 au 0.4. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita, yaani omu zake zenyewe, nao hutolewa kwenye kila kipimo kidogo. Kwenye omu 500 hauna maana. Kwenye omu 26 unaonekana, na kwenye omu 1 unaharibu kipimo chote. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Koili ya birika ni ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, na imechaguliwa makusudi: ikipata moto, ukinzani wake hupanda kwa asilimia chache tu. Ndiyo maana hesabu yako ya baridi ikakaribia ukweli. Pasi, jiko la koili na hita ya maji ni jamaa wa familia hiyo, kwa hiyo kwenye vifaa vya joto endelea na mtindo wako bila hofu.

Balbu ni habari nyingine. Uzi wake ni wa tangsteni, na ikiwaka, joto la uzi linakaribia nyuzi 2,500 za Selsiasi. Tangsteni ikipata joto ukinzani wake hupanda sana. Mita yako inapima kwa betri, ikipitisha mkondo mdogo mno, sehemu ndogo ya ampea moja, ambao hauwezi hata kuupasha uzi huo. Kwa hiyo umepima balbu baridi, na 39 ni jibu sahihi kabisa la balbu baridi. Ya moto hesabu hivi: wati 100 gawanya kwa volti 230 ni ampea 0.435. Volti 230 gawanya kwa 0.435 ni omu 529. Kutoka 39 hadi 529 ni zaidi ya mara kumi na tatu, na uzi ni uleule.

Wala zile wati 1,356 zako si upuuzi. Zinakuwepo! Unapobonyeza swichi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, uzi ukiwa bado baridi, balbu huvuta karibu ampea 6. Kisha uzi unapata moto, omu zinapanda, mkondo unashuka hadi 0.435. Umewahi kujiuliza kwa nini balbu hizi hupenda kufa pale pale unapowasha, “pwa!”, na si katikati ya usiku zikiwa zimetulia? Ndiyo hiyo sababu. Uzi uliokwisha kukonda mahali fulani haukivumilii kishindo hicho cha mwanzo.

(Taa za LED usihangaike kuzipima omu. Ndani yake kuna sakiti inayoukata na kuupanga umeme, na mita ya omu itakuonyesha namba isiyo na maana au isionyeshe kitu. Soma wati zake, basi.)

Tuje kwenye friji, ambako fundi wako amecheka bila kukueleza. Zile omu 22 ni urefu wa waya wa shaba uliozungushwa ndani ya kompresa, hakuna zaidi. Lakini umeme wa gridi yetu ni wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde, na koili iliyozungushwa kwenye chuma haipendi mkondo unaobadilika. Inajenga usumaku, usumaku unabadilika, na kubadilika huko kunazalisha volti ndani ya koili hiyohiyo zinazosukuma kinyume na volti zako. Mota ikizunguka, msukumo huo wa kinyume ndio unaouzuia mkondo kwa sehemu kubwa, na omu za shaba zinachangia kidogo tu. Gawanya volti 230 kwa ampea 0.8 za kibandiko: unapata 287.5. Jumla hiyo ya vizuizi vyote huitwa impidansi. Huwezi kuipata kwa kupima friji iliyozimwa, kwa kuwa sehemu yake kubwa haipo friji ikiwa imezimwa.

Ungeichukua kompresa hiyo ukaipa volti 230 za DC, umeme usiorudi nyuma, zile 22 zingekuwa ndizo ukweli wote: ampea 10 na nusu zingepita, na koili ingenuka kuungua kabla hujafika kwenye swichi. Ndivyo pia inavyoelekea kuwa kompresa ikikwama. Haizunguki, msukumo wa kinyume unapungua, mkondo unapanda mara kadhaa, na baada ya muda mfupi unasikia ovalodi, kile kikata umeme kinachoilinda kompresa isiungue, inakata, “tak”. Inapoa, inajaribu tena, “tak”. Ukisikia hivyo kwenye friji ya mteja, usianze kuongeza gesi.

Kuna kitendawili cha pili kwenye kibandiko hicho, ambacho hukukiuliza lakini kinakungoja. Volti 230 mara ampea 0.8 ni 184. Mbona wameandika 110? Kwenye mota, mkondo huchelewa kidogo nyuma ya volti, na sehemu ya mkondo inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Hizo 184 huitwa volti-ampea. Zinazofanya kazi ni 110, karibu asilimia 60. Mita ya LUKU nyumbani inahesabu wati, kwa hiyo mteja analipia 110. Lakini waya na breka vinabeba ampea 0.8 zote, na waya unauchagua kwa ampea. Volti mara ampea inatoa wati kamili kwenye birika na balbu ya uzi. Kwenye kitu chenye mota au koili ya chuma inatoa namba kubwa kuliko wati.

Na zile 22 usizitupe. Mkondo wa 0.8 kipeo cha pili ni 0.64, mara 22 ni kama wati 14. Hizo ndizo wati zinazopotea kuwa joto ndani ya waya wa shaba wakati friji inafanya kazi. Kila namba ina swali lake. Hiyo ulikuwa unaiuliza swali la mwenzake.

Hapo nikupe jambo linalowachanganya vijana wengi, nami lilinichanganya. Kanuni moja inasema wati ni V² ÷ R: omu zikiongezeka, wati zinapungua. Nyingine inasema wati ni I² × R: omu zikiongezeka, wati zinaongezeka. Sasa omu kubwa ni joto dogo au joto kubwa? Uliza kwanza ni kitu gani hakibadiliki. Kwenye soketi, volti ndizo zimeshikiliwa, kwa hiyo kifaa chenye omu chache ndicho kinachokula zaidi: birika la omu 26 linaipita mbali balbu ya omu 529. Lakini vitu vikiwa vimefuatana kwenye njia moja ya mkondo, waya, kiungo, plagi na birika, ampea ni zilezile kwa wote, na hapo mwenye omu nyingi ndiye anayepata joto zaidi. Kiungo kibovu kinaungua kwa kanuni ya pili.

Nilikiona kwa macho kwenye mgahawa mmoja hapa Morogoro. Mama mwenye mgahawa aliniambia birika lake limechoka, linachelewa kuchemka, na wateja wa chai asubuhi wanamnunia. Alikuwa ameshatenga hela ya kununua jipya. Nikalichungulia: chini kuna ukoko mweupe wa chumvi ya maji, lakini ukoko haupunguzi wati. Birika lilikuwa aina kama ya kwako, limechomekwa kwenye ekstensheni ya mita 20 iliyopita juu ya dari hadi jikoni.

Kabla halijawashwa, kila mahali palisoma volti 230, hata mwisho wa ekstensheni. Fundi mwingine angeishia hapo akasema umeme mzuri, nunua birika. Nikamwambia awashe. Kwenye meinswichi zikashuka hadi 226, kwenye soketi ya ukutani 223, na mwisho wa ekstensheni 209. Mita yenye mdomo kama koleo ikasoma ampea 7.8.

Fuatana nami. Birika: 209 gawanya kwa 7.8 ni omu 26.8, mzima kabisa, na ile tofauti ndogo na 26.2 ndiyo koili ikiwa ya moto. Wati zake: 209 mara 7.8 ni 1,630. Kwa volti 230 kamili lingetoa kama 1,974. Volti zimepungua kwa asilimia 9 tu, wati zimepungua kwa asilimia 17, kwa sababu wati zinafuata kipeo cha pili cha volti. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka inahitaji kama jouli 471,000, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kwa wati 1,974 ni sekunde 239, dakika nne. Kwa 1,630 ni sekunde 289. Mama hakukosea, birika lilikuwa linachelewa kweli.

Ekstensheni yenyewe imekula volti 14. Gawanya kwa 7.8: omu 1.8. Je, ni halali yake? Waya wake ulikuwa wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, mwembamba kwa kazi ile. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni mita 40, na kwa ukubwa huo shaba inatoa kama omu 0.93. Zilizobaki, karibu omu 0.86, zipo mahali fulani ambapo hazikutakiwa kuwepo. Nikapanda darini na tochi. Katikati ya njia nikakuta kiungo: nyaya zimesokotwa kwa mkono, zikafungwa tepu nyeusi, na tepu imelainika hadi inang'aa kama lami ya mchana. Ampea 7.8 kipeo cha pili, mara 0.86, ni wati 52. Ni kama chuma cha fundi redio cha kuchomelea risasi, kimelazwa juu ya mbao kavu za dari kila asubuhi.

Nilizima, nikakikata kiungo kile nikakipima kwa omu za multimita kama ulivyofanya wewe. Kikasoma 0.5, na nyaya za mita peke yake zilikuwa 0.4. Kwa mita hiyo kiungo kilikuwa hakina neno! Mkondo mdogo wa betri unapita bila kukipasha moto, na kikipoa nyuzi zinagusana tofauti na zinavyogusana kikiungua. Kukipima kikiwa kazini ndiko kulikokiumbua.

Georg Ohm naye, yule mwalimu wa shule wa Köln, Ujerumani, aliyeipa omu jina lake, alisumbuliwa na jambo la jamii hii. Betri za zamani zake zilikuwa zinashusha volti kila akiziunganishia kitu, na vipimo vyake vikawa havitulii. Mwaka 1826 akaziacha, akatumia kiungo cha bismuthi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, apate volti ndogo lakini zinazokaa mahali pamoja. Hapo ndipo kanuni ikajitokeza, akaichapisha kwenye kitabu mwaka 1827. Kwa hiyo usione aibu kubabaishwa na chanzo kinachoyumba.

Sasa namna ya kupima bila kujiua. Omu zinapimwa kifaa kimechomolewa, hilo umelifanya vizuri. Volti za kifaa kinachofanya kazi zinapimwa kwa ncha ambazo ganda lake halijapasuka, vidole nyuma ya ukingo, na kwa sasa fanya hivyo fundi wako akiwa pembeni. Ampea usizitafute kwa nyaya za mita kwenye umeme wa nyumbani. Na hapa nisikilize vizuri: ukiuacha waya mwekundu kwenye tundu la 10 A, ukasahau, ukachomeka ncha kwenye soketi kupima volti, umeunganisha waya wa moto na nyutro kwa kipande cha shaba. Ukinzani unakuwa karibu na sifuri, na wewe mwenyewe unaijua V² ÷ R inafanya nini hapo. Nimeona multimita ikipasuka mkononi mwa mtu kwa kosa hilo. Kila mara, kabla hujagusa, angalia tundu kwanza, kitufe cha kuzungusha baadaye.

Kwa ampea azima mita ya koleo. Ila koleo lishike waya mmoja tu, wa moto au nyutro. Ukilibana kwenye waya mzima wa birika litasoma sifuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana usumaku wake. Mafundi hutumia kipande cha ekstensheni kilichochanwa ganda la nje, nyaya za ndani zikabaki na maganda yao, koleo lipate pa kushika. Tengeneza cha kwako.

Kisha rudi kwa birika lako. Chukua volti kwenye soketi kabla ya kuwasha, volti likiwa linachemsha, na ampea zake. Fanya hivyo asubuhi, na tena saa mbili usiku majirani wakiwa wote wamewasha majiko. Niandikie hizo namba sita, na useme nyumba iko umbali gani na nguzo. Kwa ampea hizo na volti zilizopotea tutapata omu za njia nzima kutoka transfoma hadi kikombe chako, na fundi wako, akikubali, aje tuzihesabu pamoja.